Kikapu cha Limbuko

"Namba saba ni nani?" Hassani aliuliza, amesimama juu ya guta lake la mizigo, mikono kiunoni.

"Namba saba ni mimi," nesi Tumaini alijibu kutoka barazani. "Na usinipe mchicha ulionyauka kama wewe."

"Mchicha wa Kitaya haunyauki, dada. Hunyauka walaji."

Watu wakacheka. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mtaa wa Mtawanya, barazani kwa Elisha, karani wa bandarini. Wateja ishirini wa shamba la mzee Sudi walikuwa wamekusanyika kuchukua vikapu vyao vya kwanza vya msimu. Walikuwa wamelipia miezi mitatu kabla mbegu haijatiwa ardhini, wakaahidiwa kikapu kila Jumamosi kwa wiki kumi na mbili, chenye lolote ambalo bonde la Ruvuma limeridhia kulitoa wiki hiyo.

Mwanakombo, binti wa mzee Sudi na mlimaji wa shamba lenyewe, aliketi kwenye ukingo wa guta. Kwa kawaida hakufuatana na mzigo. Hassani, mtoto wa mjomba wake, alitosha. Siku hiyo alikuja kwa ajili ya kikapu kimoja tu, kilichofungwa kwa kanga mpya, ambacho alikuwa amekipakata tangu kijijini kwao Kitaya.

Ndani yake mlikuwa na mahindi mabichi manne, majani ya kunde, bamia na boga changa. Hilo lilikuwa limbuko, mazao ya kwanza ya msimu, ambayo katika ukoo wao huliwa nyumbani kabla jirani hajaonja wala mnunuzi hajauziwa. Jana yake alasiri, baba yake alikuwa ameonja, akapangusa midomo, kisha akatenga fungu.

"Elisha si wa kwetu," mzee Sudi alisema. "Lakini umeniambia kwamba atasilimu, na kwamba washenga wake watafika Jumapili. Basi mpelekee. Limbuko halitumwi, hupelekwa kwa mkono. Akilila, amekuwa wa nyumbani, nami sitawauliza washenga wake neno isipokuwa habari za safari."

"Na asipolila, baba?"

"Asiyelila limbuko lako amekwisha kukujibu."

Mwanakombo alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, na posa mbili alikwisha kuzikataa kwa ajili ya mtu huyu, aliyekuja Kitaya mwaka uliopita kulikagua shamba kabla ya kulipia, akarudi tena mara nane bila kukagua chochote. Ndani ya simu yake ulikuwamo ujumbe wa Alhamisi, alioukariri kama sura ya chuoni: "Mpenzi, Jumapili saa nne washenga wangu watatu watakuwa kwenu. Mzee asihangaike na chakula. Mimi ni wako."

Elisha alitoka ndani na karatasi ya majina.

"Karibu, dada," alimwambia, macho yakiwa kwenye karatasi.

Mwanakombo alilisikia neno hilo, dada, likitamkwa kama aambiwavyo muuzaji yeyote. Akajiambia kwamba mbele za watu mwanamume hutunza heshima.

"Nimekuletea kile tulichozungumza kwenye simu," alisema kwa sauti ya chini.

"Kiweke hapo. Nitakuja."

Tumaini alikuwa bado anapekua bamia zake. "Elisha, baba, kula mboga hizo upate nguvu," alisema. "Kesho ni tangazo la pili. La tatu likishasomwa, hakuna kurudi nyuma."

"Tumaini, chukua kikapu chako uende."

"Mbona unanifukuza? Au bwana harusi ameanza kuona aibu?"

"Tangazo gani, dada?" Mwanakombo aliuliza.

"La ndoa, mwenzangu. Lilisomwa kanisani Jumapili iliyopita. Anamwoa mwalimu Faraja. Kumbe nyinyi wa shambani hamkuambiwa? Elisha, una roho ngumu wewe. Watu wanakulisha, nawe huwapi hata kadi."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu uso wa Elisha ulikuwa umebadilika rangi. Hassani alishuka kwenye guta taratibu.

Mlango ukafunguka. Akatoka mwanamke mrefu, mwenye miwani, ameshika futi ya kupimia mapazia.

"Elisha, dirisha la sebuleni ni pana kuliko ulivyosema," alisema. Kisha akawaona wageni. "Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Oh, kikapu hiki kizuri ni cha nani?"

Alikuwa ameinama juu ya kikapu cha kanga. Elisha akawahi kujibu.

"Ni chetu, Faraja," alisema. "Wenye shamba wametuletea zawadi ya harusi."

Mwanakombo alisimama.

"Si zawadi ya harusi," alisema.

"Mwanakombo, tafadhali. Tutazungumza."

"Tunazungumza sasa. Mwalimu, hilo ni limbuko. Kwetu, chakula hicho hupewa mtu wa nyumbani. Baba yangu alimtengea huyu bwana kwa sababu kesho saa nne anatarajiwa kuleta washenga, anipose mimi."

Futi iliponyoka mkononi mwa Faraja ikajikunja yenyewe kwa kishindo kidogo. Alinyoosha mkono. "Una ushahidi?"

Mwanakombo akampa simu. Faraja aliusoma ujumbe mara mbili, kwa utulivu wa mtu anayesahihisha mtihani.

"Umeandikwa Alhamisi," alisema. "Alhamisi tulikuwa kwa mchungaji, wewe na mimi. Elisha, washenga hawa watatu ni akina nani?"

"Hawapo."

"Hawapo, yaani wamesafiri?"

"Sikumtuma mtu yeyote. Nilikuwa natafuta namna ya kumweleza."

"Kwa kumwahidi ndoa?"

Elisha aliwatazama watu waliobaki barazani, kila mmoja na kikapu chake mapajani, hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka.

"Niliwakusanya watu hawa kwa jina langu," alisema. "Mkuu wangu wa kazi yumo humu, na mkewe. Niliogopa kwamba nikimwambia mapema, ataacha kuleta vikapu, nami nitaonekana tapeli. Nilisema msimu upite kwanza."

Mwanakombo alikuwa amejiandaa kusikia kwamba Elisha amempenda mwingine. Hilo lingeuma, lakini lingekuwa jambo la watu wazima.

"Ulinifanya mchumba ili watu wapate mchicha," alisema.

"Nilikupenda pia. Usidhani sikukupenda."

"Usiongeze hilo, Elisha. Lililopo linatosha."

Tumaini alikuwa ameweka mkono mdomoni. "Mungu anisamehe," alinong'ona. "Mdomo wangu huu."

"Mdomo wako ndio pekee uliosema kweli hapa leo, dada," Hassani alimjibu.

Faraja aliinama, akakiinua kikapu cha kanga kwa mikono miwili, akamkabidhi Mwanakombo.

"Chukua, dada yangu. Hiki hakikuwa changu."

"Na yeye?"

Faraja alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa gauni, ingawa haikuwa na vumbi.

"Baba yangu yumo ndani ya basi kutoka Songea. Jina langu limesomwa mbele ya kanisa zima. Usinihukumu. Wewe unaweza kuondoka kwenye baraza hii. Mimi tangu leo ninakaa hapa, nikijua ninakaa na nani."

Mwanakombo alipanda guta, kikapu mapajani, na njia nzima Hassani hakupiga honi wala mluzi. Walipokaribia bonde ndipo aliposema:

"Binamu, Jumamosi ijayo siji huku. Wakale majani ya mikorosho."

Mwanakombo alikaza fundo la kanga.

Mzee Sudi alikuwa ameketi mkekani, amevaa kanzu aliyoitoa sandukuni kwa ajili ya wageni wa kesho, akiijaribu. Alikitazama kikapu kabla hajamtazama binti yake.

"Hakulila."

"Hakulila, baba. Anaoa kanisani. Washenga hawakuwapo tangu mwanzo."

Mwanakombo alitamani akaripiwe. Ukali wa baba yake aliuzoea. Badala yake mzee alianza kuivua ile kanzu, mkono mmoja baada ya mwingine, na kwa mara ya kwanza Mwanakombo aliona jinsi mabega yake yalivyokonda.

"Limbuko lililotoka halirudi chunguni," alisema. "Wape mbuzi."

Akawapa. Alisimama akiwaangalia wakiyatafuna mahindi manne pamoja na maganda yake, mpaka boga likaisha.

Simu ikalia. Aliiacha ilie mara tatu, kisha ukaingia ujumbe:

"Nisamehe, Mwanakombo. Najua sistahili. Naomba tu uniambie kama Jumamosi vikapu vitakuja. Mkuu ameniuliza."

Alimsomea baba yake. Mzee alitikisa kichwa.

"Mtu huyu haoni haya hata ya kuazima," alisema. "Utamjibu nini?"

"Wale kumi na tisa hawakunikosea."

"Nimekuuliza juu yake yeye."

"Yeye naye amelipia, baba. Tulikula kiapo cha msimu mzima."

"Basi umejibu."

Akaandika polepole, akiweka kila nukta mahali pake: "Vitakuja. Chako pia kitakuja, mpaka Jumamosi ya kumi na mbili. Usinipigie simu. Ukiwa na haja ya mboga, mwambie Hassani."

Jumapili saa nne alikuwa bustanini, akichota maji, mgongo umeelekea barabara. Majirani waliopita walimsalimu wakaangalia kando. Kijiji kilikwisha kujua. Jumapili iliyofuata tangazo la tatu lilisomwa mjini, na wiki moja baadaye Elisha na Faraja wakafunga ndoa.

Ijumaa kabla ya harusi hiyo, Mwanakombo na Hassani walikuwa wakipanga vikapu kivulini. Nyanya zilikuwa zimeanza kuiva. Hassani aliitwaa moja iliyopasuka, yenye funza, akaichomeka katikati ya kikapu cha namba kumi na mbili, kile cha Elisha.

"Itoe," Mwanakombo alisema bila kuinua kichwa.

"Moja tu, binamu. Ya utani."

"Mimi si mtani wake. Itoe."

Hassani aliitoa akiguna. Mwanakombo alichagua nyanya nzima, akaigeuza kuikagua, akaiweka mahali pa ile mbovu. Mafungu ya bamia yalikuwa sawa na ya wengine, na mchicha vilevile. Hassani akachukua kalamu na kile kipande cha boksi cha kufungia jina.

"Niandike Elisha, kama siku zote?"

Mwanakombo aliifunga kamba ya kikapu kwa mafundo mawili, akavuta kuhakikisha kwamba inashika.

"Hapana," alisema. "Andika Bwana na Bibi."

Kisha akakivuta kikapu cha namba kumi na tatu.