Vijiti vya Mzee Kunio

"Na wewe ni nani wa marehemu?"

Genzo, mdogo wa marehemu Mzee Kunio, alimzuia Shiho kwenye mlango wa chumba cha kuchomea maiti. Miaka zaidi ya kumi Shiho analala kitanda kimoja na Natsue, binti wa marehemu, lakini kwa ukoo mzima yeye ni rafiki tu anayeishi naye nyumba moja.

"Rafiki wa Natsue," akasema.

"Basi rafiki atusubiri nje," akasema Genzo. "Mifupa huokotwa na ndugu."

Genzo akaingia. Simu ya Shiho ikatetema. Natsue ameandika: "Usiondoke. Naogopa."

Akajibu: "Nipo hapa mlangoni."

Mlango ulibaki wazi. Sinia lilitolewa kwenye tanuri, mifupa ya Mzee Kunio ikiwa myeupe juu yake. Mzee aliyekuwa akibishania besiboli mpaka sauti inamkauka, leo anaenea kwenye chungu.

Wawili wawili, ndugu wakashika mfupa mmoja kwa vijiti na kuushusha chunguni. Ukabaki mfupa wa koo, ule wa mwisho, ambao huachiwa wa karibu zaidi. Natsue alisimama peke yake.

"Njoo tushike mimi na wewe," Genzo akamwambia.

"Shemeji, ngoja kwanza." Mama Fumie, mjane, akatoka hadi mlangoni na vijiti mkononi. "Shiho, unamkumbuka yule samaki?"

Angemsahau vipi? Mwaka jana, mezani kwa wazee, Natsue alimpa kipande cha samaki naye akakipokea kwa vijiti vyake vya kulia, vijiti kwa vijiti, kwa mazoea ya kulishana kwao. Mzee Kunio akapiga meza: "Hivyo ni kwa mifupa ya maiti! Mnanizika mzima mzima?" Tangu siku hiyo Shiho hakukanyaga tena pale.

"Nisamehe, Mama."

"Nikusamehe nini? Kule hospitali alikuwa akikumbuka anacheka peke yake. Akaniambia, 'Wale wawili mazoezi wameshafanya. Siku yangu ikifika, wa mwisho washike wao.'"

"Shemeji, watu watasema," Genzo akaingilia.

"Waseme. Midomo ni yao, mume ni wangu."

Shiho akaingia. Vijiti vya Mama Fumie sasa vilikuwa mkononi mwake. Kifupa kile kilikuwa kidogo, kimetulia kama mtu aliyekaa anasali, naye aliogopa hata kukipumulia.

"Umeshika?" Natsue akanong'ona.

"Nimeshika."

Wakakiinua pamoja. Genzo akakiinua chungu na kuwasogezea.

"Taratibu," akasema. "Taratibu, wanangu."