Gesi ya Kuzalia

Fundi alikuwa na mimba ya miezi minane na swali moja. Kila mteja aliyeingia kupimwa gauni aliulizwa swali hilo kabla hata hajapimwa kiuno.

"Dada, niambie ukweli. Kuzaa kunauma?"

Alishonea katika chumba cha mbele, cherehani ikiwa dirishani. Siku hizi tumbo lilifika mezani kabla yake, na kanyagio alilifikia kwa ncha za vidole. Lakini mikono haikuchoka, wala mdomo.

Majibu aliyopata yalimchanganya. Mwalimu wa shule ya jirani alisema, "Kidogo tu," huku akitazama dari. Muuza mboga alisema, "Fikiria mlango umekubana vidole."

"Vidole vingapi?" Fundi aliuliza.

"Vyote. Hata vya miguu."

Siku hiyo Fundi alishona mkono wa kulia upande wa kushoto.

Mama mkwe wake ndiye aliyemmaliza kabisa. Mtaani walimwita Mama Chuma, na jina lenyewe alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake.

"Mimi nimezaa sita," alisema, akiwa amekalia kitambaa cha mteja. "Sita! Hata 'aa' sikusema. Ninyi wa siku hizi, uchungu haujafika mnapiga kelele hadi mtaa wa pili. Aibu tupu!"

Hapo ndipo palipomkaba Fundi. Maumivu aliyaogopa, ndiyo. Lakini aliogopa zaidi kupiga kelele mbele ya Mama Chuma, maana ndiye atakayemsindikiza hospitali. Kelele moja tu, na mtaa mzima utakuwa na habari kabla mtoto hajaogeshwa. Basi akaanza mazoezi.

Mchana mmoja mume wake alirudi akamkuta ameketi wima, macho yamemtoka pima. Masikioni alikuwa amejibana vibanio vya nguo, viwili kila sikio.

"Mke wangu, umekuwa kamba ya kuanikia?"

"Nafanya mazoezi ya kunyamaza," Fundi alijibu akiwa ameuma meno. "Leo nimefika dakika nne."

Mume huyu aliuza gesi ya kupikia. Aliipeleka nyumba kwa nyumba kwa pikipiki, na watu wakamwita Mitungi. Alikuwa mtu mwema, mwepesi wa kusaidia. Shida yake ilikuwa moja: alisaidia kwanza, akaelewa baadaye.

"Hebu vua hivyo vitu," alisema. "Kesho si unakwenda kliniki? Muulize mkunga. Si ndiyo kazi yake?"

Kesho yake Fundi aliketi mbele ya mkunga. Mkunga alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nene na kalamu tatu mfukoni, zote zimekwisha wino. Alipima shinikizo la damu. Alipima tumbo. Alisikiliza moyo wa mtoto. Kisha akauliza, "Una swali lolote?"

Fundi alitazama mlango kwanza. Akanong'ona, "Kuzaa kunauma?"

"Kunauma."

Fundi akangoja neno "kidogo". Halikuja.

"Kwa wengi kunauma sana," mkunga aliendelea. "Wengine wana nafuu, wengine wanazidi. Siwezi kukudanganya, halafu siku yenyewe uje unilaumu. Ila wanaokutisha hawakuambii kwamba uchungu hauji mfululizo. Tumbo linakaza, kisha linaachia, unapumzika. Na hawakuambii kwamba zipo njia za kuupunguza. Kuziomba si dhambi wala si udhaifu."

"Lakini mama mkwe wangu..."

"Mama mkwe wako ndiye anayezaa?"

"Hapana."

"Basi tuendelee."

Mkunga alianza na njia zisizo na dawa. "Tembea. Badili mkao, usilale tu chali. Jimwagie maji ya uvuguvugu. Mtu unayemwamini akusugue mgongo. Pumua polepole. Mambo haya yanasaidia kweli, hasa mwanzoni."

"Na yakinishinda?"

"Hapo tunakuja kwenye dawa. Kuna gesi. Unaivuta mwenyewe kwa mdomo kila uchungu unapoanza. Haiondoi maumivu yote, inapunguza makali. Unaweza kuona kizunguzungu au kichefuchefu, lakini ukiacha kuvuta kinaisha. Kuna sindano ya paja. Hiyo inakawia kama nusu saa kufanya kazi, na inaleta usingizi. Mtoto akiwa karibu kutoka hatupendi kuichoma, kwa sababu naye anaweza kuzaliwa na usingizi, akachelewa kupumua vizuri."

"Na ile ya mgongo? Wanasema inapoozesha."

"Hao wanaosema wamechomwa lini?" mkunga aliuliza. "Ile ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Anaichoma daktari wa usingizi. Miguu inakuwa mizito kwa saa kadhaa, kisha inarudi kama kawaida. Madhara makubwa ni nadra sana. Shinikizo la damu linaweza kushuka, na kusukuma mtoto kunaweza kuchukua muda zaidi. Ndiyo maana tunakaa karibu na kukupima. Si kila hospitali inayo, hivyo uliza mapema kule unakokwenda kuzalia. Hapa kwetu ipo, siku ambazo daktari huyo hana upasuaji."

Fundi akakumbuka jambo. "Muuza mboga ameniahidi majani ya kuharakisha uchungu."

"Mwambie auze mchicha tu!" mkunga alisema kwa ukali. "Majani hayo yanaweza kukaza kizazi hadi kipasuke. Usiyaguse."

Fundi alirudi nyumbani mwepesi, tumbo na yote. Alimkuta mumewe uani akifuta mitungi.

"Haya, amesemaje?"

"Kumbe kuna gesi!" Fundi alisema kwa furaha. "Uchungu ukija, unavuta, unapata nafuu. Ila si kwamba..."

Mlango wa uani ukafunguka. Mama Chuma akaingia.

"Gesi gani hiyo?"

"Ya kupikia, mama," Fundi alisema haraka. "Tunazungumzia ya kupikia."

Alikuwa anamdanganya mama mkwe. Aliyedanganyika ni mume.

Wiki tano zikapita. Asubuhi moja, Fundi akiwa katikati ya pindo, uchungu ulimshika. Mama Chuma akakamata mfuko wa nguo za mtoto, akaita teksi.

"Tangulieni," Mitungi alisema, akivaa viatu miguu imekosana. "Mimi nakuja na kile kitu."

"Kitu gani?"

"Wewe usiwe na wasiwasi. Nimejipanga."

Wodini walimkuta mkunga yule yule akiwa zamu. Alimpima Fundi. "Njia imefunguka sentimita tano. Vizuri. Unaonaje hali?"

"Niko salama," Fundi alisema.

Mama Chuma alitikisa kichwa kwa fahari. "Huyo ndiye mkwe wangu! Kaza hivyo hivyo."

Fundi alikaza. Tumbo liliposhika, aliuma pembe ya shuka. Lilipoachia, alitabasamu. Jasho lilimtiririka hadi visiginoni. Mkunga akarudi kumuuliza, akajibiwa, "Niko salama tu." Mkunga akainua pembe ya shuka, akaitazama kwenye mwanga.

"Mbona shuka hii ina alama za meno?"

Kabla hajajibiwa, ghasia zikazuka koridoni.

"Kaka, simama!" Ilikuwa sauti ya mlinzi. "Huku ni kwa wazazi!"

"Na mimi ni mzazi!"

"Na huo mtungi?"

"Wa mke wangu!"

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Mitungi aliingia akihema. Begani alikuwa na mtungi wa gesi wa kilo sita, shingoni amejizungushia mpira mpya kabisa, bado una lebo ya dukani.

"Nimekuletea, mke wangu," alisema. "Umejaa, nimeupima mwenyewe. Sikutaka uvute gesi ya watu nisiowajua."

Mkunga alimtazama, akautazama mtungi, akamtazama tena.

"Shemeji," alisema, "umekuja kumzalisha au kumchemsha?"

Mlinzi alijishika ukutani asianguke kwa kicheko. Mama wa kitanda cha pili alicheka akashika mshono wake wa upasuaji. Fundi naye alipasuka. Alicheka kichwa nyuma, mdomo wazi, machozi yakimtoka. Na uchungu ukaja wakati ule ule, ukamkuta mdomo uko wazi.

"Mamaaa weee! Nakufaaa!"

Vioo vya dirisha vilisikia. Mitungi nusura auachie mtungi mguuni kwa mlinzi.

Uchungu ulipoachia, Fundi alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Taratibu akageuka kumtazama Mama Chuma. Mama Chuma alikuwa ameduwaa.

"Kwanza mtungi huo utoke nje sasa hivi," mkunga aliamuru. "Na wewe shemeji, nisikilize vizuri, ukamwambie na kila mteja wako. Gesi ya kupikia ukiivuta inakunyima hewa. Inaua. Yetu ni nyingine kabisa. Ni dawa, imechanganywa na oksijeni, na inatolewa na mtu aliyesomea kazi hiyo."

"Kumbe," Mitungi alisema kwa sauti ndogo. Akatoka, mlinzi akimfuata nyuma.

Mkunga akavuta kiti. "Sasa, dada. Kuanzia sifuri hadi kumi, unaumwa kiasi gani?"

"Kaza, mwanangu," Mama Chuma alisema. "Yatapita."

Fundi alifumba macho. Aliona mtaa mzima, kuanzia muuza mboga hadi mwalimu. Kisha tumbo likaanza kukaza tena, na mtaa ukapotea.

"Mama, nisamehe," alisema. "Siwezi tena. Ni kumi na nne. Nataka dawa."

"Dawa! Mtoto azaliwe amelewa?"

"Gesi haimlevyi mtoto," mkunga alisema. "Mzazi akiacha kuvuta, inatoka mwilini baada ya dakika chache. Na nikwambie, mama yangu. Mzazi akinyamaza, mimi nitajuaje kama anahitaji msaada, au kama kuna hatari? Huyu amenidanganya mara mbili leo, kwa ajili ya kukuheshimu wewe."

Mama Chuma aliinamisha kichwa. Watu waliomjua wangeita waandishi wa habari.

"Daktari wa usingizi yuko kwenye upasuaji," mkunga alimwambia Fundi. "Gesi ipo hapa hapa. Tuanze nayo?"

"Hata jana!"

Mkunga akamwekea mkononi kifaa cha kuvutia. "Shika mwenyewe. Vuta mara tu tumbo linapoanza, usingoje likaze sana, maana inachukua kama nusu dakika kukolea. Likiachia, acha."

Fundi alivuta. Maumivu hayakuondoka, lakini yalisogea, kana kwamba yamehamia nyumba ya jirani na yanapiga kelele huko. Kichwa kilikuwa chepesi. Mdomo ulikuwa mwepesi zaidi.

"Mama," alisema akicheka peke yake, "ile sketi yako nyekundu haikupungua kwa kufuliwa. Wewe ndiye umenenepa."

Mkunga aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Mama Chuma akavua saa yake. Akakunja mikono ya blauzi, akaanza kumsugua Fundi mgongo.

"Hapa?"

"Chini kidogo."

"Hapa?"

"Hapo hapo, mama. Usiache."

Aliendelea kusugua. Kisha akasema polepole, "Wa kwanza nilimzaa nina miaka kumi na tisa. Nilipotaka kulia, aliyenizalisha alinichapa kofi la paja. Nikanyamaza. Nikanyamaza kwa wote sita. Halafu nikaanza kujisifu. Ningefanya nini kingine na jambo lile?" Alifuta jicho kwa kiwiko. "Hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza kama naumwa."

Fundi alinyoosha mkono nyuma, akamshika. Wote wawili walikuwa wanalia, na safari hii haikuwa kwa sababu ya mtungi.

"Lia, mwanangu," Mama Chuma alisema. "Lia unavyotaka. Mimi nipo."

Fundi alitii. Alivuta gesi, akalia, akapumua, akasimama, akazunguka kitanda, akalia tena. Sasa mkunga alijua kila kilichoendelea, na alimwelekeza hatua kwa hatua. Saa nane mchana mtoto wa kike alizaliwa, macho makavu, mapafu mazima. Mitungi aliruhusiwa kuingia mikono mitupu. Alilia kuliko mtoto.

"Kumeuma?" alimuuliza mkewe.

"Kumeuma kweli kweli," Fundi alisema. "Lakini sikuwa na hofu. Nilikuwa na watu."

Asubuhi iliyofuata waliruhusiwa kurudi nyumbani. Mitungi alitangulia na mtoto, akitembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Koridoni, karibu na mlango wa wodi, msichana mmoja alikuwa ameegemea ukuta akisubiri kuandikishwa. Tumbo lilikuwa kubwa. Meno aliyauma, na jasho lilikuwa limemlowesha shingo.

Mama Chuma akasimama.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Shikamoo, mama. Sijambo."

"Marahaba. Lakini mimi sikukusalimia. Nimekuuliza kama unaumwa."

Msichana alimtazama. "Naumwa sana, mama."

Mama Chuma akamkabidhi Fundi mfuko. Akampitishia msichana mkono kiunoni, akageukia chumba cha wakunga, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akapiga kelele katika wodi ya wazazi.

"Mkunga! Hebu njoo! Huyu mtoto anaumwa, mweleze mna dawa gani!"