Vazi Jekundu la Aleida

Siagi ya moto ilimwagikia gauni la malkia, na malkia akang'aka mbele za watu.

"Wee bwana! Huna macho? Hii nguo naingia nayo jukwaani sasa hivi!"

Soko la Siagi la Amsterdam lilikuwa limefurika watu wa sherehe za Septemba. Vinanda vya mitaani vilishindana kwa kelele, na vibanda vya vitumbua vilifuka moshi. Aleida Kuipers alikuwa amechomoka nyuma ya hema la michezo ya kuigiza apate cha kutia tumboni kabla ya onyesho la pili. Kichwani alivaa taji la shaba, mwilini gauni la mahameli nyekundu, shingoni shanga za kioo. Kijana aliyempiga kikumbo alisimama ameduwaa, sahani tupu mkononi.

"Nisamehe, mtukufu malkia."

"Usiniletee utani. Leta leso!"

Akaleta, akapangusa, akamtazama usoni, akasahau kupangusa. Aliitwa Hessel Terwindt na kazi yake ilikuwa kuchora picha za watu.

"Niruhusu nikuchore."

"Kwanza uniharibie nguo, halafu unichore?"

"Hivyo hivyo ulivyo. Na taji, na shanga, na hizo hasira."

Aleida akacheka, na hapo ndipo alipopatikana.

Majira yote yale ya baridi alipanda ngazi kwenda kwa Hessel na gauni lake kikapuni. "Inua kidevu, mpenzi," Hessel alikuwa akisema, naye Aleida akijibu: "Kidevu kimeganda. Tia makaa, bahili wewe!" Picha ilipokamilika na kupakwa vanishi, Aleida alisimama mbele yake akashindwa kusema. Hakuna aliyewahi kumtazama kwa makini namna ile bila kumtaka awe mtu mwingine. Hessel alipomposa, alikubali kwa sharti moja.

"Jukwaa siliachi."

"Nani amekwambia uliache?"

Nani, kweli! Mama yake Hessel, mjane wa mfanyabiashara wa chai, alikuwa na nyumba ya kitajiri kando ya mfereji mkubwa. Katika nyumba zile mwigizaji alipigiwa makofi usiku na kunyimwa salamu asubuhi, na hakuna aliyeona aibu kwa unafiki huo.

Nia ya ndoa ikaandikishwa. Jumapili iliyofuata, kama ilivyo desturi, wachumba walitakiwa kukaa katika sebule ya mbele ya nyumba hiyo, iliyopambwa majani mabichi, jamaa waje kuwatazama na kunywa ile divai ya viungo wanayoiita machozi ya bibi harusi. Bi Terwindt alimwona Aleida tangu akiwa mbali, kwa kile kioo kidogo kilichofungwa nje ya dirisha kuchungulia barabara. Akampokea kwa ncha za vidole.

Aleida aliingia na hariri yake ya buluu, akainua macho ukutani. Pale ilitundikwa picha yake. Ila mahameli ilikuwa imegeuka gauni jeusi lililofungwa hadi kooni. Taji limekuwa kofia nyeupe ya kitambaa. Mikononi ameshikishwa kitabu cha sala.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, mpenzi," Hessel alinong'ona. "Nimefunika kidogo tu. Rangi bado mbichi, iko juu ya vanishi, inafutika. Mama akishakuzoea..."

"Akishamzoea nani? Huyu mjane wa pichani?"

"Keti, binti," alisema Bi Terwindt. "Wageni wanatazama. Mwanangu amekusitiri, amekupa sura ya mke wa mtu."

"Na ile aliyonikuta nayo ilikuwa sura ya nani, mama?"

"Ya kazi uliyoiacha. Hessel ameniahidi kwa niaba yako. Kwani hajakwambia?"

Aleida alimgeukia Hessel. Hessel akatazama viatu vyake. Lo! Mwanamume mzima, amegawa maisha ya mwenzake, na ulimi hana!

Hasira zilimpanda Aleida, akamrudia Bi Terwindt.

"Mama, Jumamosi nilikuona. Ulikaa ukumbini, juu kulia, ukilia kwenye leso nilipokufa jukwaani. Nani alikuliza? Huyu wa ukutani?"

Shingo ya Bi Terwindt ilishika wekundu.

"Hessel, hiyo rangi inafutika kwa kitu gani?" Aleida aliuliza.

"Tapentaini."

"Kalete."

"Ukiileta humu, Hessel," mama yake alisema, "usiniite mama."

Hessel akatoka. Aleida alidhani amekimbia, na moyo ukamwuma, maana pamoja na yote alimpenda. Lakini alirudi na chupa na tambara. Aleida akanyoosha mkono.

"Hapana," Hessel alisema. "Nilipaka mwenyewe."

Akafuta. Weusi ulichuruzika juu ya zulia, wageni wakaziba pua, na begani pakachomoza wekundu, kisha shanga, kisha taji.

"Itoeni!" Bi Terwindt alipiga kelele. "Wote watatu, na huyo malkia wenu, tokeni!"

Wakaibeba, huyu upande huu na yule upande ule, kandokando ya mfereji, katikati ya watu waliokuwa wakitoka kanisani.

"Umenisamehe, mpenzi?"

"Thubutu! Umeniuza bila kuniuliza."

Juu ya daraja Hessel aliiweka picha chini, akapiga goti, mikono myeusi ya rangi. Akasema kitu kwa sauti ya chini.

"Sikusikii," Aleida alisema. "Mle ndani wamekusikia umenyamaza. Hapa sema mpaka viti vya nyuma vikusikie."

Hessel akapaza sauti hadi mwenye mashua chini ya daraja akainua kichwa: "Aleida Kuipers, mwigizaji! Nakuomba unikubali, pamoja na jukwaa lako!"

Watu wakasimama na vitabu vyao vya sala. Wote walikuwa wakingoja amjibu kwa sauti ile ya malkia waliyoizoea. Aleida akainama hadi sikioni mwa Hessel, akamjibu kwa sauti ambayo jukwaa halijawahi kuisikia.

"Nimekubali. Sasa inuka, ushike upande wako."