Maboksi Yaliyonyamazishana

Mtu mzima mwenye akili timamu hana sababu ya kuingiza kichwa ndani ya boksi la spika sokoni, mchana kweupe, huku wapita njia wakimruka na mizigo yao. Pasi alikuwa nayo sababu. Alipiga magoti mbele ya boksi tupu lenye tundu la duara la kukaa spika, akaligonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, kisha akaingiza kichwa ili asikie mbao zinamjibu nini.

Zilimjibu kwa macho mawili.

"Ukimaliza kusali," alisema mwenye macho, "toa kichwa. Unanizibia mwanga."

Alikuwa upande wa pili, ambako boksi lilikuwa bado halijafungwa mgongo, akipaka gundi kwenye pembe za ndani. Alipozunguka na kusimama, Pasi alimwona msichana mrefu mwenye ovaroli ya bluu, kilemba chekundu, penseli nyuma ya sikio na unga wa mbao juu ya nyusi, kama mtu aliyezeeka hapo tu na kwingine akabaki kijana. Yeye mwenyewe alivaa shati jeupe lisilo na kunyanzi hata moja. Kazi yake ya mchana ilikuwa kunyoosha nguo kwenye duka la dobi, ndiyo maana mji mzima ukamwita Pasi, na mbele ya ovaroli ile alijiona kama mgeni rasmi aliyepotea njia.

"Unaligonga la nini?"

"Nasikiliza kama linaimba."

"Na likiimba?"

"Silitaki. Wa kuimba ni gitaa langu. Boksi kazi yake ni kubeba na kunyamaza."

Msichana akamtazama upya, kuanzia viatu. Wateja wake wengi walichagua boksi kwa kuangalia kama lina taa zinazowaka. Huyu aligonga, tena aligonga penyewe, katikati ya ubavu, mahali ambapo mbao nyembamba husalimu amri kwanza. Akajikuta anataka kujua zaidi, na kwa mtu wa aina yake huo ulikuwa mwanzo wa matatizo.

Soko zima lilimwita Fundi. Karakana ilikuwa ya shangazi yake, mama mnene, mpole wa maneno, mwenye utaratibu ambao haukuandikwa popote lakini uliheshimiwa kuliko sheria nyingi: hakuna boksi lililotoka pale kabla yeye hajalikalia. Alikaa, akajiegemeza kushoto, akajiegemeza kulia. Likilia hata kidogo, lilirudi mezani likafumuliwe. Hadi leo haijulikani ni fundi gani mwingine aliyewahi kutumia kipimo cha uhakika namna hiyo.

Pasi alimweleza Fundi shida yake. Wikiendi alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya maharusi. Kiongozi wa bendi aliitwa Mwenyekiti kwa kuwa alipiga gitaa lake akiwa ameketi na hakuna aliyewahi kumwona akisimama kwa hiari. Mwenyekiti alikuwa ametoa tamko: kwenye harusi kubwa ya ukumbi wa mjini, besi isiposikika hadi meza za nyuma, basi mpiga kinanda ataifanya kazi hiyo kwa mkono wa kushoto, na Pasi arudi kwenye kola za watu moja kwa moja. Spika aliyokuwa nayo Pasi ilikuwa ya redio. Ikipewa noti nene ilikohoa.

"Na mfukoni?" aliuliza Fundi.

Pasi akatabasamu kwa unyonge. Fundi akaelewa, akaahirisha chakula chake cha mchana.

Wakazunguka soko. Kwanza waliona boksi moja kubwa la mtumba, spika yake ya inchi kumi na tano, sauti kama ya mtu mwenye mashamba. Pasi alilipenda papo hapo. Fundi akamwambia alinyanyue. Alilinyanyua hadi usawa wa goti, akalirudisha kwa heshima. Kisha wakaona lingine jipya linalong'aa, lenye taa za kijani na bei ya kuvutia. Fundi aliligonga, likajibu "ngoo" kama ndoo. Akamweleza kwamba hilo ni la unga wa mbao ulioshindiliwa. Likilowa mara moja litavimba kama mkate, na skrubu zitaanza kuhama zenyewe.

"Sasa nisikilize, Pasi wa watu," alisema walipokaa kwenye ngazi za duka lililofungwa. "Usinunue boksi moja la kukuvunja mgongo. Nitakutengenezea mawili madogo ya plaiwudi. Spika za inchi kumi nazijua zilipo, zimetolewa kwenye mitambo ya zamani na bado nzima. Unaanza na moja. Ukijaliwa unaongeza la pili. Moja mkono huu, jingine huu, unapanda ngazi kama bwana harusi mwenyewe."

"Na hilo moja litatosha kwa sasa?"

"Halitatosha. Ndiyo utarudi."

Alirudi hata kabla halijatengenezwa. Alirudi kuomba apunguziwe bei, akapunguziwa. Alirudi kuuliza kwa nini boksi huachiwa kitundu cha kupumulia, kwa nini likiwekwa kwenye kona ya chumba hunguruma zaidi, kwa nini gundi inanuka samaki. Maswali mengine alikuwa anajua majibu yake. Fundi naye alijua kwamba anajua, akamjibu kwa kirefu. Boksi la kwanza lilipokaliwa na kupasishwa, Pasi alilibeba kifuani barabara nzima, na dada yake, ambaye aliishi naye, akaligeuza mara moja kuwa meza ya televisheni.

Jioni zikawa za simu. Fundi alitaka kusikia boksi linavyosema, na Pasi alimpigia noti moja nene, ndefu, kutoka uzi mnene kuliko wote.

"Sisikii kitu, mpenzi," alisema Fundi. Neno lile lilimtoka bila kupimwa, na wote wawili wakajifanya hawakuliona. "Simu inameza besi yote. Nasikia vidole vyako tu vinavyogusa nyuzi."

"Basi nikate."

"Nani kasema ukate?"

Akaendelea kupiga, naye akaendelea kusikiliza vidole, akiwa na simu kati ya sikio na bega na mikono ikifunga waya za boksi la pili. Mapenzi ya namna hii yana gharama zake, ila ankara huja baadaye.

Ilikuja wiki ya harusi. Boksi la pili lilikwisha, likakaliwa, likapita, na Pasi akayapeleka yote mawili mazoezini ukumbini. Mwenyekiti aliketi. Mpiga kinanda alipasha moto mkono wake wa kushoto bila aibu yoyote. Pasi akaunganisha maboksi mawili kwenye amplifaya yake, akavuta pumzi, akapiga.

Kilichotoka kilikuwa chembamba kama uzi. Nyuzi zilisikika zikikwaruza, lakini ule uzito, ule wa kuingia kwa miguu na kupanda hadi kifuani, haukuwepo. Aliongeza sauti, mkwaruzo ukaongezeka. Mwenyekiti alisema tu kwamba siku zimebaki chache na Jumamosi haisogei, kisha akamwomba mpiga kinanda ajaribu.

Pasi alitoka hadi kwenye varanda akapiga simu akiwa bado na mkanda wa gitaa shingoni. Fundi alipokea kwa furaha akiuliza vipi, yananguruma?

"Boksi lako la pili limeniua mbele za watu," alisema Pasi. "Ungeniambia mapema kwamba ukiomba upunguziwe bei unapewa spika mbovu."

 Msumeno uliokuwa ukilia nyuma ya Fundi ulizimwa.

"Rudia."

Hakurudia, lakini hakulifuta neno lake.

"Boksi lililokaliwa na shangazi yangu si bovu," alisema Fundi taratibu. "Angalia mikono yako kwanza kabla hujaangalia yangu." Simu ikakatika.

Kesho yake ilipita bila simu wala ujumbe. Dukani kwa dobi Pasi aliunguza suruali ya mtu pale pale penye aibu zaidi. Fundi, kwa upande wake, alipigilia misumari kwa nguvu isiyohitajika, na shangazi alipouliza kuna nini akajibiwa hakuna kitu, jibu ambalo kila shangazi duniani hulijua maana yake.

Ijumaa asubuhi Pasi aliamua angalau kulikamata boksi bovu lenyewe na kulitolea ushahidi. Aliliondoa boksi la kwanza chini ya televisheni, ambako lilikuwa limesharudi, dada yake akinung'unika, akalipiga peke yake. Lilinguruma vizuri. Akalichomoa, akaunganisha la pili peke yake, tayari kulidhalilisha. Likanguruma vizuri vilevile. Vikombe vikagongana kabatini. Akaunganisha yote mawili. Besi ikapotea.

"Umeyafanya nini?" aliuliza dada yake kutoka jikoni. "Yamegombana?"

Pasi alikaa sakafuni. Akachomoa moja, besi ikarudi. Akalichomeka, ikaondoka. Akarudia hadi majirani wakagonga ukuta. Hasira yake ilikuwa kubwa, kweli, lakini hamu ya kujua ilikuwa kubwa zaidi, nayo haikumwachia nafasi ya kukaa. Alipiga simu kwa Fundi, haikupokelewa. Akaandika: Kila moja likiwa peke yake linasema. Yakiwa pamoja yananyamazishana. Kwa nini?

Karakanani, Fundi aliusoma ujumbe ule akiwa ameapa kutousoma. Aliuweka chini. Akauchukua tena. Kama Pasi angeandika kwamba anampenda, angemnyima jibu hadi mwaka ujao. Lakini swali lile alishindwa kuliacha likae peke yake. Akajibu neno moja: Yalete.

Pasi alipofika hakusalimiwa kwa zaidi ya kuinamishiwa kichwa. Shangazi alikuwa juu ya boksi la mteja mwingine, akijiegemeza kushoto. Fundi aliyaweka maboksi ya Pasi yakitazamana na mlango, akachukua betri ndogo ya tochi, akamwambia Pasi achuchumae mbele ya lile la kwanza na yeye akachuchumaa mbele ya la pili.

"Nitagusisha betri kwenye ncha za waya za maboksi yote mawili kwa pamoja. Tazama spika yako, uniambie inaenda wapi."

Akagusa. Spika zikatoa mlio mdogo, "tup".

"Yangu imeruka mbele," alisema Pasi.

 Fundi akagusa tena, akatazama karibu zaidi, pua ikikaribia kugusa karatasi ya spika.

"Yangu imerudi ndani."

Walitazamana kwa mara ya kwanza tangu ile simu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa, ila Fundi alieleza hivyo hivyo, kwa sauti ya chini, kwamba boksi moja likisukuma hewa, jingine linaivuta. Kinachotolewa na hili kinamezwa na lile. Kisha akachukua bisibisi, akafungua mgongo wa boksi la pili. Waya mwekundu ulikuwa umekaa mahali pa mweusi, na mweusi mahali pa mwekundu, umefungwa vizuri sana, kwa fundo lake mwenyewe.

Fundi angeweza kusema spika ilikuja hivyo.

"Ni mimi," alisema. "Nilifunga waya hizi ile jioni uliyonipigia gitaa. Sikuwa naangalia mikono. Nilikuwa nasikiliza yako."

 Maneno yote aliyoyaandaa Pasi njiani yalikuwa ya kumsamehe mtu, na sasa yakaonekana hayana mwenyewe.

"Mimi niliongea kama mwizi anayeita wenzake wezi," alisema hatimaye. "Uliniachia bei kwa moyo, nikageuza kuwa kosa. Lile neno nalifuta. Ila simu ya jioni ile siifuti."

"Nani kakwambia uifute?"

Shangazi akakohoa. "Mimi hukalia mbao," alitamka. "Waya siwezi kuzikalia, wala hayo ya simu. Kuanzia leo anayefunga waya hapa, simu yake naikalia mimi."

Pasi akasimama, akanyoosha shati ambalo halikuhitaji kunyooshwa. Kwa heshima zote alimwuliza shangazi kama angemruhusu kuja nyumbani na dada yake, kuzungumza habari za Fundi, rasmi. Bisibisi ilimwanguka Fundi mkononi. Shangazi hakuonyesha mshangao. Alitaka kwanza kujua mwanamume huyo ana kazi gani zaidi ya pasi. Akajibiwa anapiga besi.

"Nitakuja huko ukumbini nikae meza ya mwisho," alisema shangazi. "Nikiisikia, nitakujibu. Nisipoisikia, maana yake huna kazi."

Kwa hiyo Jumamosi Pasi alipanda jukwaani akiwa na suti ya kijivu yenye mikunjo ya suruali iliyoweza kukata karatasi, na vitu viwili vya kupoteza. Ukumbi ulijaa hariri, manukato na watoto waliochoka. Mpiga kinanda aliuweka mkono wake wa kushoto juu ya funguo, tayari kwa lolote. Wimbo ukaanza.

Waya zikiwa zimeshabadilishwa, noti ya kwanza ilitoka kwenye maboksi yote mawili kwa pamoja, ikapita chini ya meza, ikatetemesha glasi, ikaingia kwa watu kupitia soli za viatu. Bibi harusi alianza kucheza kabla hajaamua. Mpiga kinanda aliutazama mkono wake wa kushoto, akauweka mfukoni. Mwenyekiti aligeuka kwenye kiti chake, akamtazama Pasi kwa muda mrefu, kisha akatamka neno ambalo hakuna mpiga besi wa bendi ile aliyewahi kuambiwa.

"Punguza."

Pasi alisogeza mkono kwenye amplifaya, akaigusa, akaiacha kama ilivyokuwa.

Katikati ya wimbo wa tatu Fundi alikuja kutoka meza za nyuma, gauni la zambarau, kilemba kimeachwa nyumbani, akapanda ngazi ya pembeni ya jukwaa. Alisema kitu. Pasi alitikisa kichwa kwamba hasikii, na kweli hakusikia. Fundi akasogea hadi midomo ikagusa sikio.

"Shangazi anasema mje Jumapili. Wewe na dada yako. Na mimi ndiye nimemwomba iwe Jumapili hii, nisingoje ijayo."

Vidole vya Pasi vikasimama. Ilikuwa kwa muda wa kuvuta pumzi tu, lakini ukumbi mzima ulikosea hatua, bwana harusi akamkanyaga bibi harusi, na kutoka meza ya mwisho kabisa shangazi alinyanyuka kitini kuangalia besi imekwenda wapi.