Aliyebisha Kabla ya Isha

Msinipe pole. Pole zenu nimezichoka. Nisikilizeni tu.

Jioni ile nilipita juu ya mapaa kwenda kwa jirani yangu Zohra kuomba kaa la moto. Hapa Ghadames mapaa ni yetu wanawake. Vichochoro vya chini, vilivyoezekwa vikawa giza hata mchana, ni vya wanaume. Mume wangu Otman alikuwa safarini na msafara wa Ghat, mwezi wa nane huo tangu aondoke, nami kila siku nilimwomba Mungu anirudishie.

Niliporudi na kaa langu, nikamkuta mwanamke amekaa kwenye ukingo wa paa letu. Simjui. Na sisi wa mtaa huu tunajuana mpaka vikohozi! Alinuka udongo uliolowa... na mwaka ule mvua haikunyesha.

"Mwenzangu," alinong'ona, "Otman kafa. Wenzake wamemzika jangwani."

"Koma! Ulimi wako ukatike!"

"Leo atabisha mtu kwa sauti yake. Si yeye. Ukimfungulia, atakuchukua. Kama huniamini, kaangalie kubani."

Kuba ni chumba kidogo ambamo mwanamke hukaa mara mbili tu: usiku wa harusi yake, na akifiwa na mume. Ufunguo nilikuwa nao shingoni. Nikashuka, nikafungua...

Taa inawaka.

Mkeka wa eda umetandikwa.

Nikaichukua ile taa, nikapanda kumtafuta. Paa tupu.

Ikaadhiniwa magharibi. Wanaume wote wakaenda msikitini, na kama kawaida yao wangebaki huko mpaka isha. Kichochoroni kimya.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Mansura, fungua bwana. Au umeshaolewa?"

Sauti yake. Utani wake. Nikashuka na taa mpaka mlangoni, nikashika komeo.

"Otman kafa," nikasema.

"Nani kasema? Nimewatangulia wenzangu nije kwako... nyoka kaniuma pale mitendeni. Maji, Mansura."

"Mbuzi wetu anaitwaje?"

"Bi Mkubwa. Wewe ndiye uliyempa jina. Fungua, nakufa."

Moyo ulitaka kufungua, wallahi ulitaka. Lakini nikajiambia, hata shetani angelijua hilo.

"Rudi ulikozikwa!"

Kucha zikakwaruza mbao... taratibu... zikaacha.

Waliotoka kuswali isha ndio waliomkuta. Alama mbili za meno kifundoni. Mwili bado una joto. Asubuhi msafara ukaingia, wenzake wakimwulizia kwa furaha kama amefika salama.

Wazee wanasema yule mwanamke alikuwa jini wa jangwani. Wengine wananong'ona kwamba hapakuwa na mwanamke yeyote, kwamba mimi ndiye sikumtaka mume arudi. Waseme.

Mama mkwe aliniuliza neno moja tu: mwanawe alisema nini mwisho? Nikamjibu sikusikia, nilikuwa nimeziba masikio.

Nilimdanganya. Nilisikia. Alikuwa ameweka jicho kwenye upenyo wa mlango, akasema polepole:

"Mke wangu... huyo mwanamke aliyesimama nyuma yako ni nani?"