Kadi ya Kumi

Kibet alirudi na vitabu kumi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu vitabu vilivyokuwepo vilikuwa tisa.

Ilikuwa mwaka wa 1954, katika chuo kidogo cha walimu nje ya Eldoret. Mwalimu Wepukhulu na mtunza maktaba, Mama Kavetsa, walikuwa wameungana kuwafundisha wanafunzi kujitafutia maarifa. Kila mmoja kwa zamu alipewa kadi kumi zilezile za vitabu akavitafute rafuni. Kadi ya kumi ilikuwa ya uongo. Wepukhulu aliiandika kwa mkono wake: *Mito Iliyokauka ya Uasin Gishu*. Mahali pa jina la mwandishi alipaacha wazi. Walitaka wanafunzi wajifunze kusema bila aibu, "Nimetafuta, hakuna."

"Umekitoa wapi hiki?" Mama Kavetsa aliuliza.

"Pale kadi imesema, Mama. Rafu ya chini, karibu na dirisha."

Kitabu kilikuwa na jalada la kijivu, nacho kilinuka tope la mtoni. Kibet alipotoka, Mama Kavetsa alinong'ona, "Mwalimu, unanichezea? Umekichapisha wewe?"

"Nikichapishe na nini, Mama, na chaki?"

Walicheka kidogo, kisha wakakifungia kabatini. Asubuhi kufuli lilikuwa mahali pake, na Kibet alikuwa darasani, akikisoma chini ya dawati.

Jumatano kijana alisahau kijiji chao. Alhamisi alisahau jina la mama yake. Ijumaa, Wepukhulu alipoita majina na kufika "Kibet!", kijana aligeuka akawatazama wenzake, akimngoja huyo Kibet aitike. Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu aliacha chaki ikaanguka, akakimbilia maktaba.

Mvua ya mawe ilikuwa imeanza kupiga mabati ya maktaba, na ndani kulikuwa na giza la saa tisa alasiri, na harufu ya tope ilikuwa nzito hata akaifunika pua kwa mkono wa koti, na chini ya kelele za mabati alisikia kurasa zikifunuliwa moja baada ya nyingine kwenye rafu ambayo haikuwa na mtu, taratibu, kama msomaji anayelamba kidole kwanza.

Mama Kavetsa alikuwa ameishika kadi kwa ncha za vidole. Mahali palipoachwa wazi palikuwa na herufi mbichi, rangi ya udongo: *Kibe*.

"Inabaki herufi moja," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeichoma mara mbili, Mwalimu. Inarudi kwenye droo. Nimeandika jina la kubuni, likafutika. Hii kitu tumeiwekea kiti kitupu pale pa mwandishi, sasa inataka mtu wa kweli akikalie."

"Ni jini?"

"Sisi kwetu hatuiiti hata jina."

Kando ya *e*, kijimstari kilianza kushuka. Wepukhulu alimfikiria mama wa Kibet, aliyemleta mwanawe chuoni kwa miguu kutoka Kapseret. Akachukua kalamu.

"Mwalimu, usifanye hivyo!"

Alikata zile herufi, akaandika jina lake mwenyewe lote. Wino ulishika. Kurasa zikanyamaza.

Mlango ulifunguka kwa kishindo. Kibet alisimama pale akiwa amelowa chapachapa, akilia na kucheka. "Mama Kavetsa! Mama yangu ni Jeruto! Nimekumbuka! Mimi ni Kibet!"

Mama Kavetsa alimkumbatia, kisha akageuka. "Mwalimu Wepukhulu, umesikia?"

Yule mtu mwenye kalamu aliangalia nyuma yake, aone ni nani anayeitwa.

"Mwalimu?"

Aliinama juu ya kadi, akalisoma jina kwa kidole, silabi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Halafu akaenda kwenye droo, akapekua kadi zote kwa subira, mpaka ya mwisho.

"Samahani, Mama," alisema. "Nimetafuta. Hakuna."