Sauti ya Msusi Darasani

Foleni ya fotokopi ilikuwa ndefu, na msusi mmoja mwenye gauni la njano alikuwa amebanwa katikati yake, pale karatasi za kaka mmoja mtanashati zilipomwagika miguuni pake. Aliziokota huku akicheka.

"Barua za mapenzi zote hizi?"

"Vitenzi vya Kifaransa, dada. Mimi ni mwalimu. Ukitaka nakufundisha bure."

"Cha bure huwa ghali, kaka."

Alikwenda hata hivyo. Penzi halioni, na lake hakutaka lione.

Mwalimu alimfundisha kwa kugonga meza kwa kidole. *Parler*, kusema, hugongwa mara mbili: par-ler. *Ils parlent*, wanasema, kitenzi hugongwa mara moja tu, herufi za mwisho zimelala. Msusi akasoma "parlenti".

"Mbona umeziamsha, kipenzi?"

"Si zimeandikwa? Mgeni umemwita mwenyewe, halafu unamnyima sahani!"

"Usibadilike. Nirekodie kwenye simu, niwe nakusikiliza nikiwa peke yangu."

Akarekodi vitenzi thelathini, kila kimoja akikimalizia na "ukae salama, roho yangu". Mwezi wa nne mwalimu akamwomba amuoe. Msusi akaomba wiki ya kufikiri, ingawa moyo ulikwishajibu zamani.

Siku ya saba alivaa gauni jipya la bluu, akaenda chuoni alikofundisha mwalimu. Kabla hajabisha hodi, akasikia sauti yake mwenyewe kwenye spika: "Par-le-nti…" Darasa likaangua kicheko.

"Rudia, mwalimu!"

Akarudia. Akaiacha iende mpaka "roho yangu", nao wakagonga madawati. Msusi aliona aibu. Kisha akafungua mlango.

"Mpenzi!" Mwalimu alizima spika. "Ni mfano tu, na jina sikulitaja. Kila muhula lazima nipate mmoja wa kuwaonyeshea makosa."

"Kila muhula?"

Msusi akageukia ubao, akavisoma vitenzi vyote kumi vilivyoandikwa pale bila kuteleza hata kimoja. Hakuna aliyecheka.

"Mnaona?" mwalimu akapiga makofi. "Kazi yangu hiyo!" Akamsogelea, akanong'ona, "Na jibu langu, mpenzi?"

"Nilikuja kukwambia ndiyo," msusi akasema, darasa zima likisikia. "Nimetoka nayo nyumbani. Nataka uijue, usije ukajifariji kwamba ningekukataa hata hivyo."

Akatoka, akafunga mlango taratibu. Alipofika barabarani alilia kwa sauti, watu wakimtazama, maana alikuwa bado anampenda.